Kuandika programu hakujifunzwi kwa saa 24!

Leo naomba nikae na vijana wa kompyuta, wale wanaoandika programu na wale wanaotamani kuandika. Wewe usiyehusika usifunue ukurasa haraka, maana huenda una mdogo wako hapo nyumbani ambaye taa yake haizimwi hadi saa tisa usiku, yuko na kibodi tu. Habari hii ni yake.

Swali ninaloulizwa kila nikipita kijiweni, kwa kuwa wanajua na mimi ugali wangu unatoka kwenye kazi hiyo hiyo, ni moja: "Braza, nisome kitabu gani niwe mkali?"

Swali zuri. Tatizo ni kwamba wengi wanataka niwatajie kitabu cha lugha inayovuma msimu huu. Leo kasikia Python ndiyo inayolipa, kanunua kitabu. Kesho kaambiwa ni JavaScript, kile cha kwanza hakijafika hata ukurasa wa 40, kanunua kingine. Mwisho wa mwaka ana vitabu sita na hawezi kuandika hata programu ya kuhesabu mauzo ya genge la mama yake. Hela imekwenda, mwaka nao umekwenda.

Halafu kuna vile vitabu vya jalada linalong'aa, eti utaijua lugha ya kompyuta kwa saa 24 au siku 21. Jamani! Hata kusuka mkeka hujifunzi kwa saa 24. Mmarekani Peter Norvig, ambaye amewahi kuongoza utafiti kwenye kampuni ya Google, alichoshwa na majina ya namna hiyo akaandika insha nzima kuyajibu. Muda alioutaja yeye ni miaka 10. Umesikia vizuri, miaka, si siku.

Lakini usikate tamaa. Miaka hiyo ina vitabu vyake, na vile vya maana havipitwi na msimu. Mimi nitakutajia vinne.

Cha kwanza ni Code cha Charles Petzold, kilichotoka mwaka 1999 na kutolewa upya mwaka 2022. Kinaanza na watoto wawili majirani wanaotaka kupiga soga usiku kwa kutumia tochi. Kutoka kwenye tochi kinakupeleka kwenye alama za Morse, kisha nyaya na swichi, hatua kwa hatua, mpaka unaijenga kompyuta nzima kichwani mwako. Utamu wake ni kwamba huhitaji kompyuta kukisoma. Umeme ukikatika, washa mshumaa uendelee.

Cha pili ni The C Programming Language cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, cha mwaka 1978, toleo la pili mwaka 1988. Ritchie ndiye aliyeibuni lugha yenyewe ya C, kwa hiyo habari unaipata kwa mwenye nyumba, si kwa mpangaji. Kurasa zake hazifiki 300. Kinaeleza jambo dogo, halafu kinakupa zoezi. Zoezi usiliruke! Wengi wanasoma maelezo kama hadithi ya mapenzi gazetini, mazoezi wanayapita, kisha wanalalamika kwamba kitabu hakikuwasaidia.

Cha tatu ni The Pragmatic Programmer cha Andrew Hunt na David Thomas, cha mwaka 1999, kikaandikwa upya mwaka 2019. Hiki hakifundishi lugha, kinafundisha tabia. Moja ya tabia hizo ni kutoandika jambo lile lile mahali pawili ndani ya programu. Utauliza, sasa hilo nalo ni la kuandikia kitabu? Ngoja nikupe mfano wa hapa hapa kwetu. Tanzania Bara ilipoanza kutoza VAT mwaka 1998 kiwango kilikuwa asilimia 20, na mwaka 2009 kikashuka hadi 18. Chukua programu ya duka ambayo kijana kaandika hiyo 20 sehemu 30. Serikali inatangaza mabadiliko, kijana anabadilisha sehemu 29, moja anaisahau. Mteja wa stoo ya nyuma anaendelea kutozwa cha zamani na mwenye duka hana habari. Aliyeiandika namba mahali pamoja anabadilisha mara moja, anarudi kunywa chai. Hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mzugaji.

Cha nne ni The Mythical Man-Month cha Fred Brooks, cha mwaka 1975. Mzee huyu alisimamia utengenezaji wa mfumo wa kuendeshea kompyuta za IBM System/360 miaka ya 1960, akajionea kwamba kazi ya programu ikichelewa, ukiongeza watu inazidi kuchelewa. Wapya wanahitaji kufundishwa, wanaofundisha ni wale wale waliokuwa wakifanya kazi, na kila aliyeongezeka ni mdomo mwingine wa kuelewana naye. Anafananisha na mimba: miezi ni tisa tu, hata ukikusanya wanawake wangapi. Siku bosi wako atakapotaka kuwaleta "vijana watano wa kusaidia" wiki ya mwisho, utamkumbuka Brooks.

Kuna kingine ambacho washikaji wanapenda kukitaja ili waonekane. Ni The Art of Computer Programming cha Donald Knuth, juzuu la kwanza mwaka 1968. Knuth mwenyewe amekuwa akimzawadia dola 2.56 kila anayemwonyesha kosa jipya kitabuni. Ni kitabu cha heshima, lakini hesabu zake si mchezo. Usikinunue kwa ajili ya kupambia rafu wageni waone.

Sasa najua yuko mmoja ananicheka: "Braza, siku hizi akili mnemba inaandika programu yenyewe, kitabu cha nini?" Haya bwana. Imekuandikia, imefanya kazi, umelipwa. Baada ya wiki mbili mteja anapiga simu, programu yako inawakata wateja wake hela mara mbili. Mashine haitaitwa ofisini. Utaitwa wewe, na utaulizwa mstari gani umekosewa na kwa nini. Asiyeweza kuisoma programu aliyoileta kwa mkono wake atajibu nini? Tena sasa ndipo kusoma kumekuwa kazi yenyewe, maana kuandika kumekuwa rahisi.

Kuhusu hela, naelewa. Kitabu kipya cha namna hii kinaweza kumeza pango la mwezi la chumba chako. Kwa hiyo changeni watu wanne, mnunue kimoja, mkisome kwa zamu. Na vipo vya bure kwa ridhaa ya wenyewe: Think Python cha Allen Downey kinasomwa bure kwenye intaneti, na kile maarufu cha chuo cha MIT, Structure and Interpretation of Computer Programs cha mwaka 1985, nacho kimewekwa wazi.

Namna ya kusoma ni hii. Kitabu kimoja, miezi mitatu au minne, kompyuta iko wazi pembeni. Soma sura, funga kitabu, andika kutoka kichwani. Ikikataa, fungua tena. Halafu, na hili nalisema kwa msisitizo, tafuta mtu umweleze ulichosoma kwa Kiswahili. Vitabu hivi vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na nimewaona vijana wengi wakiyatamka maneno yake vizuri kuliko watangazaji wa redio, lakini ukiwaambia "hebu nieleze hapa kinafanyika nini," wanabaki kukuna kichwa. Hao hawajaelewa, wamekariri. Ukiweza kumweleza mama genge kwa nini programu yako inajumlisha mauzo kabla ya kutoa gharama, na yeye akatikisa kichwa kwamba kaelewa, basi sura hiyo umeimaliza. Fungua inayofuata.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukikutana na mimi kijiweni usiniambie umenunua vitabu vingapi. Nionyeshe ulichokitengeneza, nami soda nitalipa mimi. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!