Nguzo za dawa Ndabibi: Nani atabeba mzigo zikioza?

Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, ni nchi ya mifugo na mashamba. Huko ua ni kitu cha lazima. Ng'ombe wasiingie kwenye mahindi, nyati na pundamilia wasishuke hadi kwenye viazi. Zamani nguzo ya ua ilikuwa mwerezi, mti mgumu ambao mchwa hauwezi kwa urahisi. Mierezi ilipopungua na sheria za misitu kukaza, mkulima aligeukia mkaratusi. Huu hukua haraka na bei yake ni nafuu, ila ukiuchimbia ardhini bila dawa, mchwa huumaliza katika muda mfupi.

Hapo ndipo nguzo ya rangi ya kijani ilipoingia. Wengi huiita tu nguzo iliyotiwa dawa. Ni vyema tujue dawa yenyewe ni nini, kwa sababu nguzo hizi ziko Ndabibi, ziko Malindi, na ziko kando ya barabara zetu zikibeba nyaya za stima.

Dawa inayoacha rangi hiyo kwa kawaida ni CCA, mchanganyiko wa kromiamu, shaba na aseniki. Ilibuniwa na mwanasayansi wa Kihindi, Sonti Kamesam, katika miaka ya 1930. Mti huwekwa ndani ya tangi, hewa hutolewa, kisha dawa husukumwa ndani kwa shinikizo. Shaba huzuia kuvu, aseniki huua mchwa na wadudu wengine, na kromiamu huzishika hizo mbili zisitoke kwenye mti.

Kromiamu hufanya kazi hiyo vizuri, lakini si kikamilifu. Mvua za mwanzo ndizo hutoa dawa nyingi zaidi, na baada ya hapo huendelea kuvuja kidogo kidogo kwa miaka. Nguzo iliyotolewa kiwandani kabla ya dawa kushika huvuja zaidi. Kwa kiwango kilichozoeleka Marekani cha mbao za kugusa udongo, mita moja ya ujazo hubeba takriban kilo 1.4 za aseniki. Nguzo ya ua yenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 10, ikiwa imelowa sawasawa, ina karibu gramu 20. Ukilinganisha, Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za aseniki kwa lita.

Je, tuzing'oe nguzo zote? La hasha. Metali zinazovuja hunaswa zaidi na udongo ulio karibu na nguzo. Huko Marlborough, New Zealand, ambako mashamba ya mizabibu yamejaa nguzo kama hizi, watafiti walikuta aseniki ikiwa nyingi kwenye udongo unaogusa nguzo kuliko ule wa mbali. Udongo wa volkano, kama ulivyo sehemu nyingi za Naivasha, una madini ya chuma na alumini yanayosaidia kuishika aseniki. Nguzo iliyosimama malishoni haitii kisima sumu kwa siku moja.

Lakini hali hubadilika maji yanapofunika ardhi. Ziwa Naivasha limepanda mno tangu mwaka 2010 na kumeza mashamba na nyumba za ufuoni. Udongo ukikaa chini ya maji hukosa hewa, madini ya chuma huyeyuka, na aseniki iliyokuwa imeshikwa huachiliwa. Ua uliozama si hasara ya mwenye shamba peke yake, maana ziwa hilo linategemewa na wavuvi, mifugo na mashamba ya maua.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haiko ziwani. Iko jikoni.

Nguzo ya zamani haitupwi katika nchi hii. Ikikatika, kipande huwa mlango wa zizi, kingine hushikilia banda la kuku, na kilichobaki huwa kuni. Nguzo hii ikiungua, sehemu ya aseniki hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu pamoja na kromiamu na shaba. Mwaka 1984 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilieleza kisa cha familia moja ya mashambani huko Wisconsin iliyokuwa ikipasha nyumba joto kwa mbao za CCA. Waliugua kila msimu wa baridi, na nywele zikawatoka, kabla ya chanzo kujulikana. Kwetu majivu hutiwa hata kwenye sukuma wiki kama mbolea, au kumwagwa uani wanakocheza watoto.

Marekani iliacha kutumia CCA kwa mbao za makaazi mwishoni mwa 2003, na Ulaya ikaweka vikwazo mwaka 2004. Marekani haikugusa nguzo za stima wala za ua wa mashamba, kwa hoja kwamba watu hawazigusi sana. Hoja hiyo inasimama pale ambapo nguzo iliyochoka hukusanywa na kupelekwa dampo maalumu. Kwetu nguzo iliyochoka inarudi nyumbani.

Msomaji wa Kwale atauliza, ya Ndabibi yanatuhusu nini? Kwanza, mchanga wa Pwani hauna uwezo mkubwa wa kunasa metali kama udongo mzito wa bara, na visima vyetu vingi ni vifupi. Pili, tangu mradi wa Last Mile uanze mwaka 2015, nguzo nyingi mpya zimesimamishwa vijijini kote nchini. Zitachoka. Tatu, sisi tunaijua Owino Uhuru. Risasi ya kiwanda iliingia kwenye damu za watoto kabla ya mtu yeyote wa serikali kupima udongo. Julai 2020 mahakama iliamuru fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya safari ndefu ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kesi hiyo ilionyesha kwamba kusubiri wagonjwa ndipo tupime ni gharama ya pesa na ya uhai.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inasema mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake. Itumike kwa nguzo. Kiwanda kipige chapa ya aina ya dawa na mwaka kwenye kila nguzo, zikiwemo zile fupi za ua zinazouzwa kando ya barabara. Kampuni ya umeme ikibadilisha nguzo, iondoke na ile ya zamani pamoja na vipande vyake. Nayo NEMA ipime udongo na maji kuzunguka viwanda vya kutia dawa, ambako dawa humwagika ikiwa bado mbichi, na matokeo yawekwe wazi kwa wakaazi.

Njia mbadala zipo. Nguzo za zege zinaongezeka kwenye nyaya za stima, na shirika la Rhino Ark limetumia nguzo za plastiki iliyorejelezwa kwenye baadhi ya ua za misitu. Bei yake bado ni kikwazo kwa mkulima mdogo, na hapo ndipo kaunti zinaweza kusaidia.

Wakati tunasubiri serikali, kila nyumba ina lake la kufanya. Usichome nguzo ya kijani wala kuitumia kutengeneza hori, mzinga wa nyuki au kibao cha jikoni. Vumbi lake usiwatandikie kuku. Ukiikata, ikate nje na unawe mikono kabla ya kula. Na anayekuuzia kuni za bei rahisi, muulize zilikuwa nini kabla hazijawa kuni.