Kuomba uzamili wa saikolojia bila kuwa na utafiti

Wapo mafrateri na walimu vijana wa parokia zetu wanaotamani kusoma uzamili wa saikolojia, iwe Muhimbili, iwe Tangaza kule Nairobi. Wakiulizwa uzoefu wao wa utafiti, hukata tamaa: sisi wa Kihanga tutautoa wapi? Tunaona wanakata tamaa mapema. Ila wapo pia wenye haraka ya kuliziba pengo hilo, na hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi.

Frateri aliyemaliza mwaka wa kichungaji amekaa na wajane, amesindikiza wagonjwa, amesikiliza wanandoa waliochokana. Akiketi kuandika barua ya maombi, habari hizo ndizo za kwanza kumjia, na ni rahisi kuziita utafiti. Si utafiti. Mama aliyekueleza msiba wake alitafuta faraja; hakukubali kuwa mfano katika barua ya mtu. Kubadili jina hakutoshi. Huku kwetu ukiandika "mjane mwenye watoto watano aliyefiwa wakati wa mavuno ya kahawa", umeshamtaja. Kuzunguka kwenye jumuiya ndogo ndogo na dodoso ulilojitungia ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa utafiti wa afya za watu unahitaji kibali cha maadili, kama kile cha NIMR. Profesa makini akisoma kwamba ulihoji wafiwa bila kibali, hatavutiwa, atashtuka.

Basi mtu afanye nini? Mkoa wetu umechunguzwa kuliko tunavyodhani. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizifuatilia kaya zaidi ya 900 za Kagera, Karagwe ikiwemo, ili kuona vifo vya watu wazima wakati wa UKIMWI vinaziachaje familia. Watu hao walitafutwa tena 2004 na 2010. Takwimu zake zipo kwenye intaneti bila malipo. Beegle, De Weerdt na Dercon walizitumia wakaona kwamba mtoto aliyefiwa na mama alipoteza karibu mwaka mmoja wa shule na sentimita mbili za kimo. Shule na kimo vimepimwa, huzuni je? Hapo ndipo mwombaji wa saikolojia anapoweza kuanza kuuliza. Programu ya R nayo ni ya bure. Jedwali moja ulilolitengeneza mwenyewe na ukalielewa lina uzito kuliko vyeti sita vya semina za siku mbili (nasi tunavyo, vimejaa kabatini).

Asiyeweza takwimu asome kwa makini. Matokeo ya jaribio la Moshi na Bungoma, lililohusu watoto 640 waliofiwa na wazazi, yalichapishwa 2020. Waliowahudumia hawakuwa wanasaikolojia, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Matibabu yalipomalizika, watoto wa vijijini Tanzania walionyesha nafuu kuliko wale waliopata huduma za kawaida. Mjini Moshi tofauti haikujitokeza. Kwa nini? Kurasa mbili za kulijibu swali hilo, ukilijaribu kwa unayoyajua kuhusu malezi ya yatima vijijini, zinaonyesha akili ya mtafiti hata kama hujawahi kuajiriwa na mradi wowote.

Kuhusu barua za mapendekezo: ya paroko anayesema wewe ni mwadilifu ni njema, lakini haitoshi. Mwombe pia mwalimu aliyesimamia tasnifu yako ya falsafa, aeleze ulivyopokea masahihisho yake. Na kabla ya yote soma sifa za kujiunga, maana kuna mahali shahada ya falsafa peke yake haikubaliki na itakubidi uanze na stashahada.

Panapoulizwa utafiti, andika wazi kwamba hujaufanya, kisha taja ulichosoma na ulichojaribu. Rasimu zenu tutazisoma kwa furaha. Tunaomba tu zije bila habari za muumini yeyote wa parokia.