Tuonesheni Udongo Kabla ya Shaba

Agosti 2024, siku chache kabla Eldoret haijakabidhiwa hati ya kuwa jiji, sanamu za wanariadha zilizokuwa zimesimamishwa barabarani mjini humo ziling'olewa. Wakenya walikuwa wamezipiga picha, wakazisambaza na kuzicheka, mpaka wenye mji wakaona heri waziondoe. Miezi sita kabla ya hapo, Februari 18, sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere ilizinduliwa Addis Ababa katika makao makuu ya Umoja wa Afrika, na Watanzania wakagawanyika: wapo walioapa kuwa ndiye, wapo walioapa kuwa siye. Mara zote mbili mjadala ulianzia usoni na kuishia usoni. Pua imekaaje, paji hili ni la nani, mbona mkimbiaji huyu hana miguu ya mkimbiaji.

Mjadala wa namna hiyo unanikera, na uamuzi wa kung'oa na kunyamaza unanikera zaidi. Sanamu mbaya ikiondolewa bila mtu kueleza ilichaguliwaje, ijayo nayo itachaguliwa vilevile. Kosa la aina hii halizaliwi siku ya uzinduzi. Huzaliwa miezi mingi kabla, pale kielelezo kinapopita mikononi mwa watu wachache ofisini na kwenda moja kwa moja kwenye zege au shaba.

Nayasema haya nikiifikiria Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Ndani ya miaka michache tumepata Daraja la Mfugale pale Tazara (2018), la Kijazi pale Ubungo (2021) na la Tanzanite linalopita juu ya bahari (2022). Barabara za mwendokasi zinarefushwa, na AFCON ya 2027, ambayo Tanzania imepewa kuiandaa pamoja na Kenya na Uganda, inatukimbiza. Kila barabara mpya inaacha uwazi fulani, na kila kipilefti kina kitovu kinachomtamanisha kiongozi kuweka kitu: mpira wa zege, mchezaji aliyeinua kombe, twiga wawili. Ndiyo maana nataka tuelewane mapema. Sanamu yoyote ya fedha za umma katika jiji hili isimiminwe mpaka kielelezo chake cha udongo kiwe kimekaa hadharani, jina la mchongaji likiwa limeandikwa hapo hapo.

Jiji hili limezoea kuletewa sanamu bila kuulizwa. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha hapa Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani na kamanda aliyeyavunja mapambano ya pwani yaliyoongozwa na Abushiri bin Salim. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, sanamu hiyo haikudumu. Ilisafirishwa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Baada yake, mwaka 1927, ikaja Sanamu ya Askari, ile iliyopo Mtaa wa Samora, ambayo watu wengi wa Dar huiita ya Bismini, bunduki yake yenye singe ikiwa imeelekezwa upande wa bandari. Aliyeichonga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, ambaye mikono yake ndiyo iliyofanya pia kumbukumbu za vita vile vile za Nairobi na Mombasa. Shaba yake ilimiminwa Westminster. Na kabla ya kupakiwa melini ilioneshwa kwanza katika Royal Academy, London, watazamaji wakaitazama na kuisifu.

Hapo naomba msomaji asimame kidogo. Hata serikali ya kikoloni ilijua kwamba sanamu huoneshwa kwa watu kabla haijafika mahali pake. Ila watu walioneshwa London. Askari waliorudi kutoka vitani, ndugu za wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, wakazi wa Kariakoo, mtaa ambao jina lake limetokana na kambi ya wapagazi hao, wote waliiona ikiwa imeshafungwa juu ya jiwe. Maneno ya kwenye jiwe hilo yalitungwa na Rudyard Kipling na kuandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na herufi za Kiarabu. Yanawasifu waliopigana na waliobeba mizigo, lakini humo hakuna jina la hata mmoja wao.

Zipo hoja za upande wa pili, nami nazitaja. Ya kwanza ni ya fedha: zahanati haina dawa, sanamu ya nini? Ni hoja ya haki, lakini inapaswa kuelekezwa kwa wanaopanga bajeti. Fedha ya sanamu ikishatengwa, kinachobaki ni kuuliza itumike vizuri au vibaya, na sanamu inayojengwa, ikachekwa na kubomolewa imeila fedha hiyo mara mbili. Ya pili ni ya dini. Pwani ni ya Waislamu wengi, na Uislamu una tahadhari yake juu ya sanamu za viumbe. Tahadhari hiyo inahusu kitu gani kichongwe. Haiufungi mlango wa sanaa. Jeddah, lango la mahujaji, ilijazwa sanamu miaka ya 1970 chini ya meya wake Mohamed Said Farsi, zikiwemo kazi za Henry Moore, Joan Miró na Alexander Calder, na zile za ufukweni zilichaguliwa zisizo na umbo la binadamu. Nasi wenyewe tuna makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Kaole, ambayo mafundi wa kale waliyapamba kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa ndani ya chokaa. Hiyo nayo ni sanaa ya kukaa nje, juani, mbele ya kila mpita njia, na ilikuwapo karne nyingi kabla ya Wissmann. Ya tatu ni kwamba wachongaji wetu ni wa mpingo, na mpingo hauwi mnene wala haustahimili jua na mvua bila kupasuka. Mpingo ubaki ndani. Mtu anayejua kuutoa mwili wa binadamu kwenye gogo gumu kama lile hatashindwa kufanya kazi kwenye udongo, na udongo ndio unaozaa shaba.

Sasa nirudi kwenye udongo wenyewe, kwa sababu mambo yote yanaamuliwa hapo.

Sanamu ya shaba haianzi kuwa shaba. Mchongaji huanza na michoro, kisha hufinyanga kielelezo kidogo kinachoweza kukaa mezani. Kikikubaliwa, hujenga kiunzi cha chuma chenye ukubwa kamili na kukijaza udongo mpaka umbo litimie. Juu ya udongo huo hutengenezwa kalibu ya plasta au mpira, na ndani ya kalibu hupakwa nta. Nta hufunikwa kwa tope gumu linalohimili moto, huchomwa ikayeyuka na kutoka, na mahali ilipokuwa humiminwa shaba iliyoyeyushwa. Vipande huungwa, husuguliwa na kupakwa dawa ya rangi. Kazi nzima ni ya miezi, na gharama yake kubwa iko mwishoni, kwenye chuma na moto.

Katika safari hiyo ndefu, marekebisho ni ya bure au karibu na bure katika hatua moja tu, nayo ni ya udongo. Sikio likiwa juu mno, linashushwa kwa kidole gumba. Bega likiwa la mtu mwingine, linakatwa kwa waya na kujengwa upya asubuhi hiyo hiyo. Mwanariadha akisimama kama mtu anayesubiri basi, mchongaji anaweza kumvunja kiuno na kumgeuza. Shaba ikishamiminwa, kubadilisha sikio ni kukata, kuyeyusha na kuunganisha. Kwa zege na nondo ni kupasua kwa nyundo. Fundi cherehani humvalisha mteja nguo ikiwa bado imeshikizwa kwa pini, kwa sababu anajua kwamba baada ya mshono wa mwisho kinachobaki ni lawama.

Sasa linganisha na tunavyofanya. Sanamu inatengenezwa mahali pasipojulikana. Inaletwa, inainuliwa kwenye msingi, inafungwa kitambaa. Kitambaa kinalindwa. Mgeni rasmi anafika, hotuba zinasomwa, utepe unakatwa, kamba inavutwa, na hapo ndipo mji unaona kwa mara ya kwanza kitu ambacho utaishi nacho kwa miaka hamsini. Tumeifanya sanamu ya umma kuwa siri ya kufunuliwa, na siri hiyo ndiyo inayotuangamiza. Kwa kawaida daraja huwekwa bango la mchoro wake kabla ya kujengwa. Jengo la ghorofa huombewa kibali. Sanamu peke yake, kitu ambacho kazi yake yote ni kutazamwa, ndiyo tunayoificha isitazamwe mpaka isiwezekane tena kuirekebisha. Huu ni uzembe, na nimechoka kusikia ukiitwa itifaki. Anayeogopa wananchi wasione udongo anaogopa kuulizwa nani alimchagua fundi na kwa bei gani. Ofisa anayeona sherehe yake itapoa bila kitambaa afanye sherehe nyingine, lakini asiijenge kwa gharama ya sura ya watu waliotangulia na fedha ya walio hai.

Anayeumia kwanza katika utaratibu huu ni mchongaji mwenyewe. Amefanya kazi bila kuona mtu yeyote isipokuwa aliyemlipa. Bosi akimwambia ongeza tabasamu, ameongeza. Akimwambia siku zimekwisha, amekatiza. Siku ya kicheko viongozi wanarudi nyuma na yeye anabaki peke yake na picha zinazozunguka mitandaoni. Kielelezo kikiwekwa hadharani mapema kinamlinda pia yeye: kinampa haki ya kusema hili ndilo nililowaonesha, na hili ndilo mlilolikubali.

Najua pingamizi moja lenye uzito. Umma ukipewa nafasi utakataa kila kisichofanana na picha ya pasipoti, na sanaa ya ujasiri haitazaliwa kamwe. Mfano wake mkubwa ni Auguste Rodin. Mwaka 1898 alionesha Paris kielelezo cha plasta cha mwandishi Balzac, akiwa amemfunika joho zito na kichwa kimeinuliwa. Chama cha waandishi kilichomwagiza kikaikataa kazi hiyo, na magazeti yakaikejeli. Leo wengi huihesabu miongoni mwa kazi kubwa za zama zake. Lakini angalia kilichotokea. Plasta ilibaki, mchongaji akarudi nayo nyumbani kwake, na mwaka 1939 ikasimamishwa kwa shaba Paris. Mwaka ule 1898 hakuna shaba iliyopotea wala barabara iliyobomolewa, na ubishi ulifanyika mahali pake na kwa wakati wake. Wala sisemi kura ya simu ndiyo iamue. Nasema kazi iwekwe wazi, watu waseme, jopo lenye wachongaji wengi kuliko maofisa lisikilize, kisha lijibu kwa maandishi kwa nini limekubali au limekataa.

Dar es Salaam haiwezi kusema haina watu. Samaki Likankoa alifungua njia ya vinyago vya mashetani miaka ya 1950. Yakobo Sangwani alichonga watu waliobebana na kushikana katika gogo moja, mtindo ambao baadaye ulikuja kuitwa ujamaa. George Lilanga, aliyefariki 2005, alianza kwa kulinda lango la Nyumba ya Sanaa kabla kazi zake hazijasafiri Ulaya, Marekani na Japani. Wachonga vinyago wapo Mwenge hadi leo, vijana wanafanya kazi katika kituo cha sanaa cha Nafasi pale Mikocheni, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za ufundi. Kazi za watu hawa utaziona dukani, hotelini na kwenye mabegi ya watalii kuliko kwenye makutano ya barabara. Kumbukumbu ya watumwa pale Mkunazini, Zanzibar, watu watano waliofungwa minyororo ndani ya shimo, naiheshimu sana, lakini ni kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden. Sanamu ya Askari ni ya Mwingereza. Sitaki zote mbili ziguswe. Nataka mchongaji wa hapa apewe nafasi ya kujaribiwa mbele ya watu wa hapa, kwa mashindano ya wazi.

Na jina lake liandikwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwenye kazi kuwa na haki ya kutajwa kama mtunzi wake. Tazama jiwe la uzinduzi lolote lililo karibu nawe. Utasoma jina la mgeni rasmi, cheo chake na tarehe, pengine na la mkandarasi. Mikono iliyofinyanga haipo. Basi watu wakitaka kusifu hawajui wamsifu nani, na wakitaka kuuliza hawajui wamuulize nani.

Hakuna linalohitaji sheria mpya ili lianze. Halmashauri ya Jiji na za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, pamoja na Baraza la Sanaa la Taifa, zinaweza kukubaliana mwaka huu: vielelezo vitatu vya washindani vioneshwe mwezi mzima Mnazi Mmoja, au kwenye foleni ya feri Kivukoni ambako maelfu husubiri kila siku, kila kimoja na jina la aliyekifinyanga, bei yake na daftari la maoni. Kisha udongo mkubwa wa mshindi nao uoneshwe kabla ya kalibu. Hilo linachukua muda, na AFCON haitungojei. Muda usipotosha, kipilefti kipandwe nyasi na kiachwe hivyo.