Mlango wa zamani na vumbi lake

Kabla ya kupaka mlango wa mbao rangi mpya, tunakwangua ile ya zamani. Angalisho: rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Usiikwangue ikiwa kavu, wala usiichome. Ng'oa mlango, uupeleke nje, mbali na watoto. Mwenye mimba asifanye kazi hii. Lowesha rangi, kisha piga msasa wa maji. Vumbi usilifagie, lipanguse kwa kitambaa chenye maji. Oga na ubadilishe nguo kabla ya kubeba mtoto. Mbao zikauke kabisa, ndipo upake. Mlango unaweza kungoja. Ubongo wa mtoto ukiharibika, haurudi.