Mama aliyekimbia Lubunga atatoa wapi makuta ya biashara?

Kila asubuhi pirogi zinavuka mto Kongo kutoka Lubunga, zimejaa mihogo, ndizi na makala. Lakini tangu Februari 2023, vita ya udongo kati ya Wambole na Walengola ilipoanza upande ule wa mto, maelfu ya watu nao walivuka, wengine na watoto tu mkononi. Wengi wao walikuwa walimaji na wachuuzi. Leo wanataka kuanza tena biashara hapa Kisangani. Makuta ya kuanzia yatatoka wapi?

Tuanze na sheria. Zamani, mke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana wake kwa kazi kama hiyo. Tangu Julai 2016, Kodi ya Familia iliondoa ruhusa hiyo; sasa bwana na bibi wanapashwa kusikilizana, wote wawili. Mwaka 2022 ikaja sheria ya kulinda watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi mlango uko wazi. Shida inaanzia kwenye dirisha la banki, pale wanapokuuliza: garanti yako ni nini?

Banki inataka hati ya nyumba. Mtu anayelala kwa ndugu yake Mangobo ao Kabondo ataitoa wapi? Njo vile wengi wanaishia kwa banki lambert, yule mkopeshaji wa kartie. Yeye haulizi hati. Anashika simu ao karte yako. Tupige hesabu: umekopa franka 100 000, faida 30 kwa mia kila mwezi. Ukishindwa kulipa deni lenyewe, unalipa faida tu. Baada ya miezi mitatu umetoa franka 90 000, na deni la 100 000 bado liko palepale.

Likelemba ni bora. Mama kumi wakitoa franka 10 000 kila posho, kila mmoja kwa zamu yake anabeba 100 000, bila faida. Garanti yao ni neno la mtu. Lakini mtoto akigonjwa kabla ya zamu yako, unafanya nini? Tena, mara nyingi hakuna kitu kinachoandikwa.

Hapo ndipo AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, inazidi likelemba. Makuta yanakaa katika sanduku la kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mwenye haja anakopa, analipa na faida kidogo, na mwisho wa mwaka faida ile inarudi kwa wanamemba wote. Jambo kubwa zaidi ni daftari: nani aliweka, nani alikopa, nani alilipa kwa siku yake.

Serikali nayo ina FOGEC, mfuko wa kusimamia garanti kwa wafanyabiashara wadogo mbele ya banki. Lakini mfuko wa namna hii haukuletei makuta sokoni. Unapita kwa banki, na banki inataka mtu anayejulikana. Kuna hatua moja ya kujulikana: sheria ya OHADA, inayotumika kwetu tangu Septemba 2012, inaruhusu mchuuzi mdogo ajitangaze tu kwenye ofisi ya rejesta ya biashara, na inasema bila malipo. Wakikuomba makuta pale, uliza ni ya nini na udai risiti.

Onyo moja. Uganda ilihukumiwa Februari 2022 kulipa Kongo dola milioni 325, na FRIVAO, yenye makao yake hapa Kisangani, ndiyo inayogawa fidia kwa wahanga. Fidia inaweza kufungua duka, ndiyo. Lakini usikope leo ukisema utalipa na fidia ambayo bado haijafika mkononi. Faida ya deni haingojei liste.

Kwa hiyo, mama, ingia kikundi kinachoandika, na ulinde daftari. Na ninyi wakubwa wa jimbo na wa mabanki: mtu aliyepoteza nyumba hataleta hati ya nyumba. Kama ataleta daftari ya miaka miwili inayoonyesha alilipa bila kukosa hata mara moja, juu ya nini isihesabiwe kuwa garanti?