Uraka Si Ushamba

Waandishi wenzangu, kuna jambo linanikera. Kila hadithi ya kijana wa mjini, lazima shujaa afungue bia. Siku hizi ni ile kali ya kizungu, chungu kwa hopsi. Nimeionja, tamu kwelikweli, sizugi. Lakini hopsi ni maua ya mmea wa nchi za baridi. Sisi huku, Kilwa hadi Lindi, tuna mabibo.

Msimu wa korosho ukifika, mabibo hukamuliwa, maji yake yakaachwa yachache yenyewe. Huo ndio uraka. Funda la kwanza tamu, la pili kali, kisha ukakasi unaukamata ulimi wala hauachii. Ukakasi! Neno tunalo, mbona hamliandiki?

Msiniambie ni gongo. Gongo huchemshwa, mvuke ukakingwa. Uraka hauoni moto. Wala sihubiri uasilia: mkorosho wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Mgeni tumemfanya mwenyeji.

Sasa, anayeona haya kuandika kinywaji cha kwao, ataandika nini kingine cha kwao? Acheni kuzuga, jamani. Onjeni kwanza, ndipo mshike kalamu.