NYUMBA NA JAMAA: Dirisha Lifuatalo Hali ya Hewa

Dirisha lina kazi tatu: kuingiza mwanga, kupitisha hewa, na kupokea au kuzuia joto. Nyumba nyingi hujengwa kana kwamba kazi hizo ni moja. Dirisha likifunguliwa zote hufunguliwa, na likifungwa zote hufungwa. Hapo ndipo jamaa hutaabika, hasa jamaa za askari na polisi, ambazo leo huishi Gulu penye joto, na mwakani huhamishiwa Kabale, ambako usiku baridi huweza kufikia nyuzi 10 za Selsiasi au chini yake.

Ufundi wa kisasa umepata dirisha lijigeuzalo. Mwaka 1969 mtaalamu Satyen Deb alionyesha kwamba utando mwembamba wa oksaidi ya tangsteni hugeuka buluu unapotiwa nguvu ya umeme. Kutokana na maarifa hayo hutengenezwa vioo vinavyofifisha jua liwapo kali, na kuwa vyeupe tena mawingu yatandapo. Lakini vioo hivyo ni vya bei kubwa, navyo hutawala mwanga na joto tu, havileti hewa. Mwenye nyumba aweza kupata faida hiyo kwa mbao, pazia na wavu, iwapo kila kazi itapewa kifaa chake.

Kwanza ni jua. Katika nchi ya Uganda, ipitiwayo na mstari wa Ikweta, jua la adhuhuri huwa juu sana, hivyo upenu mpana huyafunika vema madirisha yaelekeayo kaskazini na kusini. Yale ya mashariki na magharibi hupigwa na jua la asubuhi na la alasiri, lipitalo chini ya upenu. Hayo yahitaji mbao za kufunga kwa nje, au jamvi la kuteremshwa. Pazia la ndani huchelewa: jua likishapenya kioo hulipasha pazia moto, na sehemu kubwa ya joto hilo hubaki chumbani.

Pili ni hewa. Hewa ya moto hupanda; matundu yaliyo karibu na dari huitoa nje, na dirisha la chini huingiza hewa mpya. Wavu wa mbu ukipigiliwa imara, dirisha laweza kuachwa wazi usiku bila kukaribisha malaria.

Tatu ni baridi. Pazia zito, lifikalo chini ya dirisha na kufungwa kabla ya jua kutua, huituliza hewa iliyo baina yake na kioo, na hewa iliyotulia hufanya kazi ya blanketi. Asubuhi lifunguliwe, jua liingie.

Hata hivyo, matundu ya hewa yasizibwe kwa matambara, wala jiko la makaa lisiingizwe chumbani ili kuota moto. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huwaua watu wakiwa usingizini. Matundu peke yake hayatoshi kuiondoa. Jiko, hata lionekanapo limezimika, na lilale nje.

Jamaa ipokeapo funguo za nyumba mpya, na ichunguze kwanza jua huingilia dirisha gani, na saa ngapi. Baada ya hapo ndipo pazia linunuliwe na fundi aitwe.